Chombo Kilichoondoka Bila Kuhesabu Watu

Kaka Maganga, shikamoo.

Niko kivukoni Mwanza, nasubiri feri ya kwenda Sengerema kwa shangazi aliyelazwa. Upepo haujatulia tangu asubuhi, ziwa limechafuka, na sato wa kukaanga niliyemnunua kwa hamu nimemfunga tena kwenye gazeti.

Karibu yangu vijana wawili wanabishana juu ya ile picha ya chombo cha angani tuliyoitazama mimi na wewe kwenye banda la video, Tabora. Kumbe imetengenezwa upya! Katika ile ya zamani, unakumbuka, steringi, yule shujaa wa picha, aliita majina kabla ya kuruka. Katika hii wanaruka tu, na wakifika huko ndipo wanagundua mwenzao mmoja hayumo.

"Uongo mtupu!" anafoka mwenye kofia. "Chombo kikubwa vile kiondoke bila kuhesabu watu?"

"Labda walikuwa na haraka," anasema mwenzake.

"Haraka gani? Hata mtoto hakubali!"

Nimecheka nao. Sasa lango limefunguliwa, watu wanaingia na magunia, mbuzi na baiskeli, na bado wanaingia. Nimetafuta kwa macho mtu anayehesabu, au hata mwenye daftari. Hayupo. Mwenye kofia naye ameshaingia, bado anabisha.

Kadi hii nampa mama muuza samaki aipeleke posta. Mama yetu msalimie sana, habari za upepo usimwambie. Ila wewe nihesabu, kaka: leo Jumanne, feri ya saa nane mchana, mdogo wako Kabula yumo.