Shemeji Yako na Kidude cha Bosi

Mwenzangu, shemeji yako leo kaumbuka! Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unakijua kile kilaptopu chake chenye tundu moja tu la USB? Wiki iliyopita alikifungua kwenye meza yangu ya kulia, akalehemu humo ndani kile kidude cha kunasia mawimbi ya mausi isiyo na waya. Ati tundu libaki wazi, mausi yenyewe ataitafuta baadaye. Kidude kakiokota kazini, chini ya meza ya mikutano. "Hakina mwenyewe," akaniambia.

Hakina mwenyewe!!

Kumbe ni cha bosi wake. Kesho yake bosi kaanza kukisaka, mfagizi kahojiwa mara mbili, na shemeji yako kaufyata. Tena alipiga magoti kumsaidia kutafuta!

Sasa leo mkutanoni kaunganisha laptopu na projekta, anaeleza ratiba. Bosi kwa hasira anagongagonga mausi yake mezani. Mshale ukutani ukaruka. Akagonga tena. Ukaruka tena.

Bosi akaisogeza mausi kushoto, polepole. Mshale nao huyooo, kushoto.

"Kitoe."

"Hakitoki, bosi. Nimekilehemu."

NIMEKILEHEMU! Mbele ya ofisi nzima! Mfagizi mlangoni kapiga makofi.

Bosi kaibeba laptopu yote, ati mpaka aletewe mausi nyingine. Shemeji yako karudi na begi tupu, kajikalisha karibu yangu, sauti kailegeza kama siku ya posa: "Mke wangu, hivi ile mausi yako unaitumia?"

Nimeikalia.