Sigara ya Nikaragua

Jumapili

Tumbaku yenyewe si mbaya, sikatai. Ila Elia, mtoto niliyemzaa mwenyewe, ananipakilia sigara nene kwenye basi kutoka Dar, halafu ananiambia kwenye simu, "Mama, hiyo si ya Kyuba, ni ya Nikaragua. Wageni wa hoteli ninayofanyia kazi wanaisifu. Ionje uniambie."

Mimi tumbaku naionja kwa pua. Nimeichambua, nikaikausha jikoni, nikaisaga na magadi ikawa ugoro, kama ninavyoifanya tumbaku ninayonunua gulioni, hapa Soni. Inanukia vizuri, kama kahawa inayokaangwa, lakini haina ukali. Sikupiga chafya hata moja.

Leo nimempigia kumpa majibu.

"Umeisaga, mama? Ile ni ya kuvuta!"

Nikamwambia angeileta mwenyewe angenionyesha. Akasema Krismasi atajitahidi kuja. Mwaka jana pia alijitahidi.

Tangu jirani yangu Naemi afariki sina hata wa kunusa naye ugoro. Nyumba kimya, ukungu mpaka mlangoni.

Nikamdanganya kuwa nusu nimeibakiza, aje anifundishe kuivuta. Haijabaki hata kipande. Akija akakuta hakuna atakasirika. Na akasirike, lakini akasirikie hapa.