Pedali Ngumu ya Kamyo Yako

Kaka Yusufu,

Sikuiti mpendwa. Neno hilo nimelitafuta tangu asubuhi nikalikosa, na barua hii sitaki ianze kwa uongo. Uongo wa kwetu ulishatosha. Salamu pia sikuletei. Huko Kigoma uliko naamini umepata wa kukusalimia.

Mama tumemzika Alhamisi iliyopita. Hukuja. Watu wa Buyenzi walijaa mpaka barabarani, nami nikawa nawaambia, "Amekwama njiani, si mnajua hii vita." Nikaona haya kwa niaba yako, kama nilivyozoea. Ila sasa Mama hayupo, na ahadi niliyompa imeisha.

Unakumbuka ulivyonifundisha breki? Nilikaa kwenye usukani wa kamyo ya mteja, wewe umesimama chini, mikono yote grisi, unanifokea: "Zima injini kwanza! Kanyaga, kanyaga, kanyaga mpaka pedali ikatae. Shikilia hapo. Haya, washa!" Nikawasha, pedali ikazama kidogo chini ya mguu wangu, nikacheka kama mtoto. Ukanieleza kwamba servo, lile bati la mviringo linalousaidia mguu, linapata nguvu kwa injini. Injini ikizimwa inabaki akiba ya kukanyaga mara mbili hivi. Ya tatu unasukuma ukuta. Siku ile tulikula muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, ukanimegea fungu kubwa. Nilikupenda sana, Kaka. Nakwambia ili ujue nimeanguka kutoka wapi.

Halafu ukanunua kamyo yako mwenyewe, kuukuu, ukaacha kushika spana. Nchi ilipowekewa vikwazo, mazutu, yaani dizeli, ikawa inatafutwa kwa chupa. Selemani, shoferi wako, alikuwa anapanda mlimani na konvoi iliyolindwa na askari kufuata viazi, anashuka navyo mjini. Siku moja mkaja garajini nyote wawili.

"Fundi, breki ni zaifu," Selemani akaniambia. "Nikishuka toka Bugarama, mara mbili za kwanza inashika. Ya tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Nasimama juu yake na miguu mbili, apana, kamyo inaenda tu."

Nikamuuliza, "Injini inakuwa inawaka?"

Selemani akafungua mdomo. Wewe ukajibu kabla yake: "Inawaka! Sasa itazimwa na nani? We fanya kazi, konvoi ni kesho."

Kaka! Ulimsikia akisema mara mbili, halafu ya tatu. Yalikuwa maneno yako mwenyewe yanakurudia kwa kinywa cha mtu mwingine, na uso wako haukutikisika.

Nami nikakuamini, punguani mimi. Nikabadilisha paipu ya servo na valvu yake, nikafungua magurudumu yote, nikatoa hewa kwenye mafuta ya breki. Nikaipandisha kamyo mpaka Gihosha, nikaishusha injini ikinguruma, ikashika vizuri kabisa. Ugonjwa sikuuona kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa amri yako. Nikamwambia Selemani aende salama.

Kesho yake kamyo ilimshinda kwenye kona. Akaona bora aigonge kwenye ukingo wa mlima kuliko kuangukia bondeni au kuwaponda waliokuwa mbele yake. Walipoikokota mpaka Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, nilipanda kuitazama. Ufunguo ulikuwa umezimwa, na gia haikuingizwa.

Nikaenda hospitali. Mguu wa kushoto walikuwa wameshaukata. Selemani akanieleza bila kuficha, kama mtu anayesema amekunywa chai: "Patroni, kaka yako, alisema nizime injini kila nikishuka, mazutu ibaki. Akasema nisikwambie, utapiga kelele. Lakini hiyo ni injini, fundi. Breki ni breki." Kwake injini ni ya kwenda na breki ni ya kusimama, nani alimfundisha vingine? Mimi nilifundishwa, na wewe ndiye mwalimu wangu.

Nilikufuata nyumbani. Hata hukukana. Ulisema, "Mutu amekwisha kuumia. Wakisema ni fundi, kesho watasahau. Wakisema ni mi, nani atanipa mzigo tena?" Kisha ukatangazia mtaa mzima kwamba mdogo wako alifunga breki vibaya. Mama akanishika mkono akilia, damu nzito kuliko maji, akaniapisha nisimwaibishe mwanawe wa kwanza mbele ya macho yake. Nikanyamaza. Wateja wakahamia kwingine mmoja mmoja, wengine bila hata kuniangalia usoni.

Unajua nani hakuhama? Selemani! Anakuja kila asubuhi na magongo yake. Anapanda kwenye magari ya watu, ananikanyagia pedali kwa mguu uliobaki, nami niko chini natoa hewa. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" Na kila Idi ananishika mkono mbele ya watu: "Fundi, ya zamani imepita. Nimekusamehe." Nami najibu amina. Wallahi, miaka yote hii nala msamaha usio wangu, Yusufu.

Nimesikia unauliza watu kama mtaa ulioukimbia kwa vita umetulia, kwamba unataka kurudi. Rudi. Nyumba ya Mama ipo, na ufunguo nimeuacha kwa jirani. Lakini usiniulize kamyo ikoje, wala usije kuniita mdogo wako mbele ya watu kana kwamba hakuna kitu.

Barua hii naiandikia kwenye benchi la garaji. Selemani amekaa hapo mlangoni anachagua bolti, ananiuliza namwandikia nani. Hajui kusoma. Nimemwambia asubiri kidogo. Kabla sijaifunga nitamsomea yote, polepole, mpaka aelewe. Huenda akanichukia na mimi kwa kunyamaza kwangu, akachukua magongo yake asirudi tena. Ni haki yake. Lakini akitaka kusamehe tena, safari hii atajua anamsamehe nani.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, fundi uliyemfundisha kuzima injini kwanza.