Kofia ya Rania

Magongo, Jumatatu

Hamdun mume wangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu mamako hukaa karibu. Paa la jikoni limezibwa. Kofia uliyomletea mwanetu Rania yamwenea. Simvui mbele ya mamako hata kwa joto hili.

Mamako asema nina roho ngumu, mtoto alia nami namtazama tu. Wallahi sina. Rania kazaliwa na kinundu kisogoni, nami namficha mamako asije akakikanda. Daktari kanikataza kukikanda, akaniambia niangalie kama chafura akilia. Kikifura, huenda kimeshikana na ubongo, apigwe picha upesi.

Basi kila akilia namvua kofia, namwacha alie.

Leo asubuhi kimefura. Nimemvisha kofia yake, nikamwambia mamako ni njaa tu.

Mkeo,
Asmaa