Pikipiki Iliyopandishwa Mlima kwa Machela

Wasomaji wangu, kabla sijawawekea barua ya leo, jueni kwamba inajibiwa na mtu anayejua anachosema. Mimi Hatibu ndiye mtu mweusi wa kwanza kupanda pikipiki katika mji huu wa Morogoro, na watu wa stesheni ni mashahidi wangu.

Haya, nimesikia mnavyoguna. Sikuipanda, niliisukuma. Ilikuwa ya Mdachi mmoja mpima ardhi, ikamzimikia kwenye matope, akaniita, nikaisukuma hadi karibu na Boma huku yeye amekaa juu kama bwana harusi. Ujira wangu ulikuwa sigara mbili, moja imelowa. Lakini nimeishika, nimeinusa, imeniunguza goti, na wengi wenu mnaikimbia mkisikia tu mlio wake. Huyu ndugu wa Mgeta aliyeniandikia hakuikimbia, aliinunua. Barua yake ina nukta chache, nami sikumwongezea, kwa kuwa niliacha chuo kwenye juzuu ya tatu na nukta zangu mwenyewe hazinitoshi. Msomeni.

*

Kwa Mzee Hatibu wa gazeti, shikamoo. Nimekosa mtu wa kumwambia huku mlimani, kwa sababu kila ninayemwendea hucheka kwanza ndipo anisikilize, na padre nilipomwendea aliniuliza bei ya kitu chenyewe akatikisa kichwa, basi nakuletea wewe usiyenijua, unisaidie kabla ya masika, maana masika yakianza mimi na watu wangu hatuna shamba.

Jina langu Andrea, na reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Morogoro kwenda bara nilikuwa nikiwapelekea wajenzi kabichi na viazi, nikawa na watu wa kunibebea, nikapata mali ambayo marehemu baba hakuiota. Shamba ninalolima si langu, ni la ukoo wa baba, na sisi Waluguru kama ujuavyo tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mtu kwenye ardhi ya baba yake ni kama mgeni aliyekaribishwa, analima kwa ruhusa, na kila mwaka baada ya mavuno anampelekea mwenye ardhi kuku jike na chungu cha pombe kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo tunaita ngoto, na ngoto si malipo, ni kusema tu kwamba sijasahau hapa ni pa nani. Mwenye ardhi kwetu ni shangazi yangu Theresia, dada yake baba, mwanamke mzee asiyependa maneno mengi, na tangu baba afe sikuwahi kukosa kumpelekea.

Mwaka huu nikanunua pikipiki. Ilikuja mpya kwa garimoshi kutoka pwani ndani ya sanduku la mbao, imefungwa majani makavu kama mayai, na fedha yote ya reli ilikwenda humo pamoja na mbuzi wangu wote, na mke wangu Scholastika aliponiuliza ni ya nini nikamwambia ni ya biashara, mboga zifike stesheni hazijanyauka, akaniuliza, "Na hizo kabichi utaziweka wapi, baba Rosa, mapajani?" nikamwambia hajui mambo ya mashine, akanyamaza, hakuuliza tena.

Mzee wangu, sikujua kwamba kuinunua ndiyo kazi ndogo. Haipandi mlima, inalala kule chini Mzinga, njia ya mlima inapoishia, kwenye banda la mtu ninayemlipa ndizi, nami naifuata kwa miguu kuanzia alfajiri, nikifika nimechoka kuliko zamani nilipokuwa nakwenda mjini moja kwa moja. Inakunywa petroli, na petroli nayo huja kwa garimoshi ndani ya madebe, ikichelewa nakaa Mzinga naitazama. Miba inapasua mipira. Nikikutana na askari ananiuliza nimeiba wapi, kila safari ananiuliza, na yule yule aliyeniuliza jana, na nikifika penye nyumba za Wazungu naamriwa nishuke niisukume mpaka nizipite, kwa hiyo mjini wananijua kama mtu anayesukuma.

Basi nikaona aibu, nikasema angalau watu wa kwetu waione, nikaajiri wapagazi wanane tukaifunga kwenye miti kama machela ya mgonjwa tukaipandisha. Njia ni ile ile moja, na tulipofika kwenye jiwe bapa karibu na kivuko wapagazi wakataka kupumua, wakaitua juu ya jiwe, nikawaambia si hapo, sogezeni mbele, wakaniuliza kuna nini, nikaushika mti mmoja mwenyewe nikaanza kuinua. Ni hapo mwaka juzi tulipomtua binti yangu Rosa, tukimteremsha kwa daktari wa Wadachi mjini, ana homa, hajafika hata umri wa kwenda shule, na tulipoinua machela tena mimi sikuona tofauti, ila mama yake aliona. Tukamrudisha, tukamzika ukingoni mwa shamba, penye kivuli. Sikutaka kuliandika hili lakini kalamu imeshapita.

Tulipofika nyumbani nikaiwasha uani, ikanguruma, watoto wakalia, kisha basi, maana kwetu ni matuta na makorongo, hakuna hata hatua kumi za kuiendesha. Wapagazi wakataka chakula. Nikachinja kuku waliokuwepo, na pombe iliyokuwa imepikwa nikaitoa, Scholastika akasimama mbele ya chungu akasema, "Hii ni ya shangazi. Na yule kuku mweupe ni wa shangazi," nikamwambia niachie, nitampa shangazi kitu kikubwa zaidi. Kesho yake tukaiteremsha tena. Nikiwa Mzinga naziba mpira nikakumbuka ngoto, nikachukua debe tupu la petroli, jipya, linameta, nikaliosha, nikampa jirani anayetoka misa ampelekee shangazi, nikijua hakuna mwanamke huku juu asiyetamani debe la bati.

Baada ya siku chache akaja Petro, mtoto wa shangazi, ambaye ndiye atakayerithi, na sisi mabinamu tumezoea kutaniana, amelibeba lile debe kichwani, anacheka, akaliweka mlangoni.

"Mama anasema amelipokea na amelielewa. Anasema uweke vyombo vyako humu, litakufaa njiani."

"Mwambie halitoshi," nikamjibu, "nina mke na watoto."

"Mke atabaki, tuna nafasi ya mke. Wewe ndiye tunayekutafutia debe."

Nikacheka sana, mzee, nikampa na tumbaku. Wiki ile ile nikamkuta anapanda miche ya migomba ndani ya mpaka wangu, ameanzia upande wa kaburi la Rosa, na hacheki, na wazee wawili wakaniletea neno kwamba masika yasinikute pale. Scholastika anasema, "Mimi nina kwetu, nitarudi kwa mama na watoto, tutalima. Wewe nenda Mzinga ukapalilie chuma chako. Ila Rosa, huyo nani atahama naye?" Tangu aliposema hivyo halali chumbani.

Sasa kuna karani mjini ananiambia nipeleke shauri Boma, nieleze kwamba nimelima miaka mingi, liandikwe jina langu na shangazi hatakuwa na la kusema. Niende Boma au nifanye nini? Nijibu upesi.

Andrea, Mgeta.

*

Marahaba, Andrea. Nami nilicheka mwanzoni kama wenzako. Nilipofika penye jiwe niliacha, na chai yangu ikapoa.

Sasa nisikilize, na usijitetee, maana mimi ni gazeti, sikusikii. Ulikula kuku wa yule mama. Ukawanywesha watu pombe yake. Kisha ukamtumia bati tupu kwa mkono wa jirani, na wewe mwenyewe uko Mzinga. Mimi ni mtu wa mjini, nalala chumba cha kupanga, sina hata tuta moja la mchicha, lakini nimeelewa alichosikia shangazi yako. Amesikia: ardhi ni yangu, wewe shika bati. Ungekaa mwezi mzima ukitunga tusi usingelipata safi kama hilo. Nawe bado unashangaa kwamba debe lilikuwa linameta.

Na Petro ulimpa tumbaku. Binamu yako alikwambia uso kwa uso kwamba unafukuzwa, ukacheka, ukamlipa. Hapo hata mimi nisingejua nikuchape au nikupe pole.

La karani. Mshukuru, kisha badilisha njia ukimwona. Boma wanaweza kukuandikia, sikatai, wanaandika mambo mengi. Halafu? Utakaa kwenye shamba ambalo ukifiwa hakuna atakayekuja kushika jembe la kuchimba kaburi, kwa sababu wote wenye kushika jembe hapo ni watu wa Theresia. Na Mdachi akishakuja na kamba zake kulipima aone lilivyo na maji na rutuba, nani alikuahidi kwamba jina litakalobaki kwenye karatasi ni Andrea? Jambo hili lina wenyewe, nao wako hai na wamekasirika. Watu waliokasirika huzungumzika. Karatasi haizungumziki.

Sasa pikipiki. Hukuinunua kwa ajili ya kabichi. Mkeo alijua tangu siku ya sanduku, ndiyo maana aliuliza mara moja akanyamaza. Alikuonea huruma, nawe ukamwambia hajui mashine. Ulinunua kitu cha kumwahisha mtoto ambaye ameshazikwa. Nami nakwambia neno ambalo watu wako wanaona haya kukwambia: isingemwahi. Hata ingekuwa imesimama Mzinga siku ile, petroli imejaa, mipira mizima, njia ya kutoka kwako hadi Mzinga ndiyo iliyommaliza, na njia ile umekwisha kuona, pikipiki yenyewe hubebwa. Hukukosa gurudumu, Andrea. Ulifanya alichoweza kufanya baba yeyote wa Mgeta, na haikutosha. Hiyo ndiyo habari, na sina nyingine nzuri ya kuiweka juu yake.

Iuze. Usiiweke banda la mtu ukingoja bei irudi, kwa sababu haitarudi, kila mvua inaila. Utapewa nusu, utaumia, pokea. Kitu cha kwanza kununua kwa fedha hiyo kiwe kwinini, ikae ndani ya nyumba yako mahali pakavu, na mtoto akianza kuwa wa moto usingoje kuona kama kutakucha salama, teremkeni wakati angali anaweza kuomba maji. Hilo litawafaa waliobaki kuliko mngurumo wowote uani.

Kisha nenda kwa shangazi. Kwa miguu. Na Scholastika, ikiwa bado anakubali kutembea nawe, mwombe, usimwamuru. Bebeni kuku jike mmoja na chungu kimoja. Usipeleke wawili, maana mkosaji akizidisha anaonekana amekuja kununua, na ardhi ile hainunuliwi. Chungu ubebe wewe, mwanamume mzima, njia nzima, watu wakuone. Ukifika kaa chini. Usieleze wapagazi, usieleze mpira uliopasuka, usimtaje Mdachi wala karani. Sema tu: shangazi, nilisahau hapa ni pa nani, sasa nimekumbuka. Kisha funga mdomo, hata akikaa kimya mpaka kuku afunguke miguu.

Usianze na kaburi. Najua litakuja mdomoni kabla ya yote. Ukianza nalo utakuwa umemkaba mwanamke mzee kwa kaburi la mtoto, naye atakukubalia kwa hasira, na kukubaliwa kwa hasira hakufiki mavuno. Yeye akiuliza kwa nini ulinunua kile kitu, hapo mwambie kuhusu jiwe, kama ulivyoniambia mimi, pamoja na pale kalamu ilipokushinda.

Akikataa, na anaweza kukataa, siwezi kukudanganya kwa sababu tu nakuonea huruma, basi omba kitu kimoja: ruhusa ya kuja kupalilia penye kile kivuli. Hilo sidhani atakunyima. Akikunyima, rudi mwakani na kuku mmoja, uombe tena.

Na ile migomba ya Petro usiing'oe. Jua likiwa kali imwagilie. Atakukuta na kata ya maji mkononi akutukane. Mwache akutukane, akichoka mtarudia utani wenu.

Mimi sikutozi kitu kwa maneno haya, lakini usidhani huna deni kwangu. Siku utakayoteremka kutoka kwa shangazi, pita barazani pangu nyuma ya soko uniletee kikapu cha njegere mbichi, sijazionja tangu magoti yangu yalipoukataa mlima. Zikiwa za shamba lako, nitafurahi pamoja nawe. Ukiwa umezinunua njiani kwa watu wengine, zilete hivyo hivyo, usinifiche zimetoka wapi, ukae tuzimenye.