Daftari Lililogawa Mlima

Kwa kaka yangu mkubwa Saidi, Bagamoyo.

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama awe amepata nafuu ya kifua. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Naogopa, kaka. Isome kwanza peke yako, kisha umsomee Mama yale utakayoona anaweza kuyabeba.

Unakumbuka nilivyojisifu nilipopata ukarani hapa Morogoro. Bwana wa boma aliamuru watu wa milimani wagawanywe, kila ukoo na jumbe wake, kila jumbe na mpaka wake. Nikapanda hadi Kinole na daftari, nikawauliza mmoja mmoja, "Baba yako ukoo gani?" Wakajibu, nikaandika. Mimi muungwana wa pwani nilidhani dunia nzima mtu ni wa babake. Kumbe Waluguru ukoo huutoa kwa mama, na shamba hulipata kwa mjomba. Niliuliza habari za baba, nao wakanijibu habari za baba.

Mwezi uliopita majumbe walisomewa daftari. Mmoja wao, aliyeitamani migomba ya watu tangu zamani, akawafukuza vijana waliozaliwa palepale. "Kitabu cha Serikali kinasema ninyi si wa hapa. Nendeni kwa baba zenu!" Wakaenda, na huko nako ardhi ina wajomba wengine. Pinde zikatoka, ukoo wa mama kwa ukoo wa baba. Nyumba zimechomwa na watu wawili wamezikwa, kaka, kwa mkono wangu huu.

Juzi watani wa koo zote mbili wakajitupa katikati, wakiwatukana huku na huku na kuwapokonya pinde. Mtani hapigwi, mila haikubali, basi vita vikasimama. Wazee wakakaa, wakaniita. Bibi mkubwa wa ukoo akasema, "Sisi tumeshapatana, mwanangu. Hawa ni wakwe zetu. Lakini kitabu chako bado kinapigana. Nenda kakisahihishe."

"Bibi, Bwana atanichapa."

"Mficha uchi hazai. Siku saba tutawashika vijana wetu. Zikipita, hatuwezi."

Pale boma kosa la karani ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nilimwona aliyepigwa, wiki mbili alilala kifudifudi. Nikinyamaza, vita vitarudi, na Bwana atapeleka askari wachome pande zote mbili, na hakuna atakayejua kosa ni langu. Sikufichi, jana nilifunga mzigo nitorokee kwenu. Leo nimeufungua.

Kesho asubuhi naingia boma na daftari kwapani.

Msalimie mjomba wetu aliyenifundisha kushika kalamu, na shemeji yangu, mkeo, na watoto. Mke wangu mwambie nampenda, na nikirudi asiniulize habari za mgongo. Mama mbusu mikono.

Bwana akiuliza nani amekosea, nitasema mimi. Niombeeni sauti isinikauke kabla sijamaliza.

Ni mimi mdogo wako,
Abdala