Vitenzi vya Kifaransa kwa Mchi

Jumatatu, 10 Mei 2004
Katika Hanang nzima, anayejua Kifaransa ni mimi. Nani mwingine aliongea na padri Mfaransa mpaka padri akaomba kupumzika? Brightness, binti wa dada yangu Marieta, ameomba kazi ya kuongoza wazungu mlimani. Ijumaa atasoma vitenzi kwa sauti mbele ya mama Mfaransa mwenye kampuni. Akikosa, anarudi kwenye vibarua vya kupalilia. Nimesema: niachieni mimi.

Jumanne, 11 Mei
Somo. Brightness anatwanga mahindi, mimi nakata neno: fi-ni-ssons. Kila kipande, pigo moja la mchi. Nikasema pigo zito liwe katikati, kama sisi: ma-HI-ndi. Akafungua kitabu chake cha Kifaransa.
“Mjomba, hapa wanasema uzito uwe mwisho.”
Nilikuwa nampima! Kafaulu.

Alhamisi, 13 Mei
Mon-TONS! Mar-CHEZ! Fi-ni-SSONS! Marieta alitaka mahindi ya makande, kapata unga. Jirani Gidahosh kasimamisha ng'ombe wake barabarani, kauliza mtoto anafukuza fisi gani mchana. Nikamjibu hiyo ni elimu.

Ijumaa, 14 Mei
Amepita! Mama Mfaransa kasema sauti yake inatua vizuri mwishoni. Kauliza mwalimu ni nani. Brightness, mtoto wa adabu, kanitaja. Basi kesho mama anakuja hapa Nangwa kunisalimia, ndipo asaini karatasi ya kazi. Marieta kachinja jogoo. Gidahosh anakuja kusikiliza. Nimemwambia akae mbali kidogo, Kifaransa changu ni kizito.

Jumamosi, 15 Mei
Naandikia zizini, nyuma ya ndama. Lango nimelifunga kamba. Mgeni yuko ndani, na chai haimiminwi mpaka mwanamume wa nyumba amkaribishe. Mwanamume wa nyumba ni mimi.
Gidahosh anapaza sauti: “Mwacheni, bado anachagua maneno!”
Brightness kaja mpaka langoni. Hakucheka.
“Mjomba, nimemwambia koo linakuuma. Njoo ukae tu. Nitaongea mimi.”
Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nainuka kabisa — mgeni huyu hapa! Kaja na chupa ya dawa na kijiko. Anatikisa lango.
“Ouvrez! Ouvrez!”
Ou-VREZ. Vipande viwili, uzito mwisho. Safi kabisa.
Maana yake siijui. Wala ya vitenzi vile vingine vyote.